Siku ya Kwanza ya Rolakosta Mpya: Hesabu Treni Kabla ya Kuhesabu Watu

Tarehe 13 Juni 2019 bustani ya michezo ya Islands of Adventure, iliyoko Orlando katika jimbo la Florida, Marekani, ilifungua rolakosta mpya, yaani treni ya burudani inayokwenda kasi juu ya reli zinazopanda na kushuka, iitwayo Hagrid's Magical Creatures Motorbike Adventure, na siku hiyohiyo muda wa kusubiri ulifika saa 10. Wengi waliosimulia habari hiyo waliulaumu umati, na ni kweli kwamba umati ulikuwa mkubwa, kwani wapo waliofika getini kabla jua halijachomoza. Hata hivyo, chukua kalamu upige hesabu. Kila treni ya rolakosta hiyo hubeba abiria 14, wawiliwawili, mmoja juu ya pikipiki na mwenzake ndani ya kigari cha ubavuni. Treni zikitoka kila baada ya sekunde 30, zitatoka treni 120 kwa saa, na hao ni abiria 1,680. Ili foleni inayokwenda kwa mwendo huo ifike saa 10, ingebidi wasimame watu 16,800 kwa ajili ya mchezo mmoja. Jibu lililo karibu zaidi na akili ni kwamba treni hazikuwa zikitoka kwa mwendo huo, na kila ziliposimama foleni iliendelea kukua mkiani bila kupungua kichwani.

Mwongozo huu umejengwa juu ya hesabu hiyo. Umeandikwa kwa ajili ya mgeni anayekusudia kuhudhuria siku ya ufunguzi wa mchezo mkubwa, hasa yule anayekwenda na watoto au wazee, ili aweze kuusoma uendeshaji wa mchezo kwa macho yake mwenyewe badala ya kutegemea ubao wa muda wa kusubiri peke yake.

Hatua ya 1: Amua kama ni lazima iwe siku ya kwanza

Mchezo mpya hauanzi kupakia watu siku ya uzinduzi. Kabla ya hapo treni huzunguka tupu, kisha huzunguka zikiwa na midoli iliyojazwa maji ili ziwe na uzito wa abiria, kisha hupandishwa wafanyakazi, na mwisho, bustani ikipenda, hupandishwa wageni wa kawaida bila tangazo lolote. Geti hufunguliwa kwa saa moja au mbili, likafungwa tena bila maelezo. VelociCoaster ya bustani hiyohiyo ilizinduliwa rasmi tarehe 10 Juni 2021, lakini wageni waliobahatika kuwapo walikuwa wakipanda wiki kadhaa kabla ya siku hiyo. Kwa hiyo, ikiwa safari yako inaangukia majuma ya mwisho kabla ya uzinduzi, pita mlangoni pa mchezo kila baada ya saa mbili na umsalimie mhudumu aliyesimama pale. Hatakuahidi kitu, kwa sababu hata yeye huambiwa dakika za mwisho, ila utaona mwenyewe kama treni zinazopita zina watu au ni tupu.

Kwa upande mwingine, usidhani kwamba wiki ya pili itakuwa shwari. Baada ya ufunguzi ule wa Juni 2019, kwa muda fulani mchezo ulikuwa ukifunguliwa mchana badala ya asubuhi, kwa sababu ya hitilafu za kiufundi na mvua zilizokuwa zikiukatiza. Mgeni aliyekuja alfajiri kwa mazoea aliusubiri mlango kabla hajaanza kuisubiri foleni. Soma saa za ufunguzi wa mchezo wenyewe, siyo za bustani tu.

Hatua ya 2: Fahamu kama foleni ni ya miguu au ya simu

Kuna michezo ambayo siku za mwanzo haina foleni ya kusimama kabisa. Rise of the Resistance ilipofunguliwa tarehe 5 Desemba 2019 katika Disney's Hollywood Studios, bustani ya Disney huko Florida, wageni waligawiwa namba za makundi kwa njia ya simu, kisha wakaendelea na matembezi yao hadi kundi lao lilipoitwa. Ni utaratibu mzuri kwa miguu na mbaya kwa moyo, kwani nafasi za siku nzima zilikuwa zikimalizika ndani ya dakika chache, na waliochelewa walipewa makundi ya akiba, ambayo yaliitwa iwapo tu mchezo ulikwenda vizuri kuliko ilivyotarajiwa.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana mtego wake peke yake. TRON Lightcycle / Run, iliyofunguliwa tarehe 4 Aprili 2023 katika Magic Kingdom, bustani nyingine ya Disney hukohuko Florida, ilikuwa ikitoa nafasi mara mbili kwa siku, na simu iliandika 7:00 AM na 1:00 PM. Kwa saa zetu, ya kwanza ni saa 1 asubuhi na ya pili ni saa 7 mchana. Yaani 7 na 1 zimebadilishana viti. Ukimwambia shangazi aliyetoka Tanga "tuamke tuwahi ile ya saba", naye akalala akijua ana muda hadi mchana, nafasi za asubuhi zitamalizika akiwa bado kitandani, na zile za mchana zilikuwa zikitolewa kwa aliyekwisha kuingia bustanini tu. Andikeni saa kwenye karatasi kwa namna zote mbili na muibandike mlangoni pa chumba.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, hakikisha tiketi za familia nzima zimeunganishwa chini ya akaunti moja, na mmoja wenu achaguliwe kubonyeza. Watu watano wakijiandikisha kila mmoja peke yake kwa simu yake wanaweza kuishia kupewa makundi matano tofauti.

Hatua ya 3: Beba kidogo, lakini usisahau maji

Ufunguzi wenye sifa mbaya kuliko wote ni ule wa Disneyland huko California, tarehe 17 Julai 1955. Tiketi za kughushi ziliongeza umati kupita idadi ya walioalikwa, joto lilizidi nyuzi 37, lami iliyokuwa mbichi ikalainika hadi visigino vya viatu vya kina mama vikazama, na kwa kuwa mafundi bomba walikuwa wametoka kwenye mgomo, vyoo ndivyo vilivyopewa kipaumbele na bomba za maji ya kunywa zikabaki chache. Bustani za leo zina maji, lakini ukiwa katikati ya foleni bomba lililo mita 200 kutoka ulipo halikusaidii. Kila mtu abebe chupa yake, na ijazwe kabla ya kuingia mstarini.

Vaa viatu vilivyofungwa, ambavyo umekwisha kuvizoea. Mtandio na ushungi mrefu uingizwe ndani ya nguo au ufungwe kwa nyuma usiweze kupeperuka, kwa sababu mhudumu ana haki ya kukuzuia kupanda ikiwa kitambaa kinaning'inia karibu na magurudumu, na si vizuri kuanza kubishana naye baada ya kusimama nusu siku. Rolakosta nyingi kubwa za Orlando hukutaka uweke mikoba kwenye makabati kabla ya kupanda. Uliza mapema kabati liko wapi: VelociCoaster ina makabati ndani kabisa ya foleni, yenye milango pande mbili, unaweka mzigo ukienda na kuuchukua kwa upande wa pili ukirudi, hivyo simu hubaki nawe muda mwingi wa kusubiri, kwingine kabati liko nje, na utakaa saa nyingi bila simu wala pawabenki. Aliye peke yake afikirie hilo kabla hajaahidi kupigiwa simu na mtu.

Hatua ya 4: Piga hesabu yako kabla ya kuingia mstarini

Hii ndiyo hatua inayostahili muda wako. Ubao wa muda ulioko mlangoni hukisiwa kutokana na uzoefu, na siku ya kwanza uzoefu haupo. Katika bustani za Disney ilikuwa kawaida kumpa mgeni mmoja kadi nyekundu mlangoni, akaikabidhi kwa mhudumu wa kituoni, ili muda aliotumia upimwe. Ni njia ya uhakika, isipokuwa inakueleza yaliyompata mtu aliyeingia zamani. Mtu wa kadi akikabidhi kadi yake baada ya saa tatu, wewe unasoma hali ya saa tatu zilizopita.

Tafuta mahali unapoweza kuziona treni zikifyatuliwa. Nasema kufyatuliwa kwa makusudi, kwa sababu rolakosta nyingi mpya hazivutwi kwa mnyororo hadi kileleni, bali husukumwa kwa sumaku kama jiwe la manati. Ile ya Hagrid hufyatuliwa mara 7 katika safari moja. Tazama saa, uhesabu treni zenye watu zinazopita ndani ya dakika 10 kamili. Tuseme umehesabu 16. Zidisha kwa viti 14 upate 224, kisha zidisha kwa 6 upate abiria 1,344 kwa saa. Hicho ndicho kipimo cha mchezo huo kwa wakati huo.

Sasa geukia foleni. Pale ilipokunjwakunjwa kati ya vyuma, hesabu watu wa mkunjo mmoja uzidishe kwa idadi ya mikunjo. Pale ilipomwagika njiani, hesabu watu waliosimama ndani ya hatua 10 za mguu wako, kisha tembea kando ya mstari ukihesabu hatua hadi mkiani. Usisahau sehemu ya ndani, ambayo haionekani; michezo ya siku hizi hupitisha foleni katika vyumba vilivyopambwa, na vyumba hivyo humeza mamia ya watu. Mhudumu wa mlangoni atakuambia kama ndani kumejaa ukimuuliza kwa adabu.

Ikiwa watu ni 2,700 na mchezo unabeba 1,344 kwa saa, utasubiri takriban saa 2. Ikiwa katika dakika zako 10 zilipita treni 8 tu, watu walewale 2,700 watakugharimu saa 4. Na ikiwa hukuona treni hata moja, hesabu ya watu haina maana yoyote, usiingie kwanza.

Kuna jambo moja linaloharibu hesabu hii, nalo ni njia za pembeni: ile ya waliolipia zaidi, ile ya mtu mmoja mmoja anayejaza viti vilivyobaki, na ile ya wenye ulemavu, ambayo hakuna mwungwana atakayeilalamikia. Siku ya kwanza njia mbili za mwanzo mara nyingi hufungwa, kama zilivyofungwa kwa rolakosta ya Hagrid. Zikiwa wazi, ungama kwamba sehemu ya viti ulivyohesabu si ya foleni yako, na uongeze muda.

Hatua ya 5: Treni zikisimama, zisome dalili

Mchezo mpya utasimama. Rolakosta ya Hagrid ina njia yenye urefu wa takriban mita 1,540, ina mahali treni inaporudi kinyumenyume, na ina kipande cha reli kinachodondoka pamoja na treni iliyo juu yake kwa karibu mita 5. Reli yote imegawanywa katika vipande, na kanuni ni ileile ya reli za kawaida: kipande kimoja hakiingiwi na treni mbili. Treni moja ikichelewa kidogo, labda kwa sababu mtoto amegoma kuketi, zilizo nyuma yake husimamishwa na mtambo, na zile zilizo nyuma ya hizo vilevile.

Watu hukasirika mno wakati huu, na hasira hiyo naielewa, lakini inafaa kukumbuka tarehe 2 Juni 2015 katika bustani ya Alton Towers, Uingereza. Treni tupu ya majaribio ya rolakosta iitwayo The Smiler ilikwama njiani. Mtambo ulifanya kazi yake ukaizuia treni yenye abiria 16 isiingie kipande hicho. Mafundi, wakidhani kwamba onyo hilo si la kweli, wakaushinda mtambo na kuiruhusu treni, nayo ikaigonga ile tupu. Wasichana wawili walikatwa mguu mmojammoja kutokana na majeraha yao, na mwaka 2016 kampuni inayoendesha bustani hiyo ikatozwa faini ya pauni milioni 5. Tangu niliposoma maelezo ya ajali hiyo sijawahi tena kumpigia kelele mhudumu anayesema "tunaangalia jambo fulani".

Dalili za kusoma ni hizi. Mafundi wakitembea juu ya ngazi za pembeni mwa reli, au abiria wakiteremshwa mmojammoja, jua kwamba ni jambo la muda mrefu. Usihesabu chini ya saa moja. Treni zikianza kuzunguka tupu, hiyo ni habari njema, kwa maana tatizo limekwisha na sasa wanajaribu. Niliwahi kusimama saa 4 katika bustani moja, nikiwa nimebakiza mikunjo mitatu kufika kituoni, wakati treni zilipoanza kupita bila watu. Familia iliyokuwa mbele yangu iliona kwamba tunadhihakiwa, ikatoka mstarini kwa hasira. Dakika ishirini baadaye nilikuwa nimeketi kwenye kiti ambacho kingekuwa chao.

Radi ni habari nyingine. Florida ya kiangazi hupata ngurumo karibu kila alasiri, na michezo ya nje hufungwa radi ikiwa bado mbali, hata kama juu yako jua linawaka. Hakuna fundi anayeweza kuharakisha wingu. Kwa hiyo hesabu yako ikionyesha kwamba utafika kituoni kati ya saa 8 na saa 11 alasiri, ongeza saa moja au zaidi kwa ajili ya mvua.

Hatua ya 6: Panga mambo ya mwili na ya familia

Kabla ya kuingia mstarini, kila mtu aende msalani, hata anayesema hana haja. Baada ya kuingia, anayelazimika kutoka amjulishe mhudumu aliye karibu na awaache wenzake mahali pao. Anayetoka peke yake bila kumwachia mtu nafasi atarudi mkiani. Kumtanguliza kijana mmoja alfajiri ashike nafasi ya watu tisa watakaokuja saa sita ni jambo ambalo bustani nyingi hulikataza, na hata pasipo katazo walio nyuma yenu hawatalikubali.

Anayesali atambue kwamba foleni yenye urefu wa saa 6 itapita juu ya adhuhuri, na huenda ikagusa alasiri. Hilo lipangwe asubuhi, wakiwa wawili wa kupokezana.

Mpime mtoto nyumbani, akiwa na viatu atakavyovaa. Kwa Hagrid kimo cha chini ni inchi 48, yaani sentimita 122, na kijiti cha kupimia hakina huruma. Mtoto asiyefika kimo si sababu ya mzazi mmoja kukosa, kwa kuwa kuna utaratibu wa kubadilishana: familia husubiri pamoja, mzazi mmoja akapanda huku mwenzake akikaa na mtoto katika chumba maalumu, kisha wakabadilishana bila kupanga foleni upya. Sharti ni moja, kumwambia mhudumu wa mlangoni tangu mwanzo. Mtu mwenye mwili mkubwa naye ajaribu kiti cha mfano kilichowekwa nje ya mlango. Ni afadhali kujua hapo, palipo na watu wachache, kuliko kuambiwa kituoni kwamba chuma cha mapajani hakifungi.

Hatua ya 7: Kituoni, uwe mwepesi

Mhudumu atauliza mko wangapi. Mwonyeshe kwa vidole, kwa sababu muziki na kelele za treni hufunika sauti. Mkiwa watu wasiogawanyika kwa wawili, amueni mapema nani ataketi na mgeni, na nani atapanda pikipiki na nani kigari. Kituo cha Hagrid kina sakafu inayotembea sambamba na treni, hivyo mnapobishana nani akae wapi mnasogea pamoja nayo, na mkishindwa kuketi kwa wakati sakafu na treni vyote husimamishwa. Vuta chuma hadi kiguse mapaja, inua mikono ili mkaguzi aone, basi.

Hatua ya 8: Saa ya kufunga

Kwa kawaida aliye ndani ya mstari bustani inapofunga hupandishwa, hata ikichukua saa kadhaa baada ya maduka kufungwa. Ndiyo maana wenye subira huingia foleni dakika za mwisho, wakiwa wamekwisha kula chakula cha jioni na kuiona bustani yote. Hata hivyo, bustani ina haki ya kuufunga mkia mapema ikiona kwamba waliopo watamaliza usiku kucha. Mhudumu akisimama nyuma yako na kamba mkononi, muulize swali moja: mvua ikirudi, mtatuacha tuendelee kungoja au foleni itavunjwa? Akisema itavunjwa, itazame mbingu upande zinakotoka mvua za siku hiyo, halafu uwaulize watoto kama bado wanaweza kusimama.